Niliona kwa macho yangu, sasa naogopa kwenda mahakamani

Shangazi, mbukwa.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na baba yao hajui. Naomba jina langu lisitoke.

Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nauza chai na chapati alfajiri karibu na kijiwe cha bodaboda. Huu ni mwaka wa tisa, na biashara hiyo ndiyo inayosomesha watoto wangu watatu.

Mwaka jana mwezi wa sita, siku ya Jumatano, nilifika kijiweni saa kumi na nusu hivi. Unaujua upepo wetu wa mwezi wa sita, nilikuwa nahangaika kukinga jiko kwa bati. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye kila siku ndiye mteja wangu wa kwanza, alikuwa ameshafika, amekaa juu ya pikipiki anasubiri chai ichemke. Wakatokea vijana wawili kwa miguu kutoka upande wa korongo. Mmoja akamuuliza mpaka Sabasaba shilingi ngapi. Hajajibu, mwenzake akachomoa panga kwenye koti. Yule kijana akainua mkono wa kushoto kujikinga, panga likatua hapo hapo. Shangazi, ule mlio haunitoki masikioni. Ni kama boga linapopasuliwa. Wakamsukuma chini, wakapanda pikipiki, wakapotea. Mimi nilibaki nimesimama na kibao cha kusukumia chapati mkononi, hata kupiga kelele nilishindwa.

Mwenye panga nilimfahamu. Ni mtoto wa mama mmoja wa mtaani kwetu, nimemwona tangu anavaa kaptula ya shule. Alikuwa amesimama chini ya taa yangu ya sola ninayoitundika kwenye mwamvuli, na kutoka nilipokuwa hadi alipokuwa ni kama hatua tano. Asubuhi ile ile nilimtaja kwa mwenyekiti wa mtaa, na polisi walipokuja nikamtaja tena. Nikaandikisha maelezo, nikasaini. Alikamatwa siku ya tatu, yuko rumande Isanga mpaka leo. Mwenzake hajapatikana. Kijana wa bodaboda alipona, lakini vidole viwili havikunji na pikipiki aliyonyang'anywa ilikuwa ya mkataba.

Miezi yote hiyo hakuna aliyenisumbua. Shida imeanza nilipoletewa wito wa mahakama. Wiki mbili zilizopita alikuja mtu nisiyemjua, akaagiza chai na chapati mbili. Chapati hakuzigusa. Alizikunja vizuri kama anayekunja barua, akaziacha kwenye sahani, akalipa na chenji hakuchukua. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, watoto wako wanapita korongoni wakienda shule, eti? Njia ile siyo nzuri." Akaondoka.

Siku nne baadaye akaja mama mdogo wa mtuhumiwa na wazee wawili. Wameleta kitenge na shilingi laki nne, wanasema sisi ni majirani, tuyamalize kifamilia. Wana na karatasi wanataka nisaini kwamba kulikuwa na giza nikakosea mtu. Sikusaini. Hela walitaka kuziacha, nikawafuata nazo hadi barabarani.

Mume wangu anasema mimi nauza chapati, mambo ya polisi niwaachie polisi, nisafiri kwa dada yangu Manyoni mpaka tarehe ipite. Mama wa yule kijana wa bodaboda naye ananiangalia, haongei, ananiangalia tu. Usiku silali. Mlango wa jirani ukigongwa, mimi ndiye ninayeruka kitandani.

Nikienda mahakamani nani atanilinda? Nisipokwenda itakuwaje? Na kuna jambo lingine linanisumbua: askari aliandika kwamba "kulikuwa na mwanga wa taa" basi, hakuuliza taa ya nini wala ilikuwa wapi. Wakili akinibana kwa hilo nitaonekana mwongo?

Mama Chapati, Dodoma

*

Mbukwa, mwanangu.

Kwanza wasomaji wajue kwamba mtaa, siku, umri na idadi ya watoto nimevibadilisha kwa ruhusa yako. Pia wajue kwamba nilikupigia simu siku niliyopata barua hii, kwa sababu tishio halisubiri zamu ya kuchapishwa. Mengi niliyokuambia siku ile nayaandika tena hapa, maana katika miaka yangu ya usaidizi wa kisheria nimekutana na akina mama Chapati wengi, na wengi walikuja baada ya kesi kufutwa.

Nianze na yule aliyekunja chapati. Wapo watakaokuambia hajakutishia, kwamba alikuonya tu kuhusu njia mbovu. Usikubali. Mgeni asiyekujua, anayetaja watoto wako na njia wanayopita siku chache baada ya wito wa mahakama kufika, amekutishia, hata kama ametumia sauti ya upole na amelipa chai yake. Kumtisha au kumzuia shahidi asitoe ushahidi ni kosa linalojitegemea katika Kanuni ya Adhabu. Ina maana aliyekuja kijiweni kwako anaweza kukamatwa na kushtakiwa kwa hilo, kesi ya pikipiki iende inavyokwenda.

Kwa hiyo chukua daftari la mwanao uandike. Ilikuwa siku gani, saa ngapi, alikaa benchi lipi, alivaa nini, alisema nini neno kwa neno, alikuja kwa miguu au kwa pikipiki, na nani mwingine alikuwa anakunywa chai pale. Andika na habari ya kitenge, laki nne na karatasi, pamoja na majina ya waliokuja, maana hao unawajua. Andika leo. Baada ya wiki tatu utakuwa na uhakika wa chapati tu.

Ukishaandika, uende sehemu mbili, na naomba usiishie kwenye moja. Ya kwanza ni kituo cha polisi kilichoandika maelezo yako. Usiishie kwa askari wa zamu pale kaunta, ulizia mpelelezi wa kesi yako, na asipopatikana mwone mkuu wa upelelezi wa wilaya, yule tunayemwita OC-CID. Mwambie unataka kufungua taarifa mpya ya kutishiwa. Usitoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Ya pili ni ofisi ya mashtaka ya mkoa. Mwone wakili wa serikali anayeendesha kesi, ukiwa na ule wito mkononi kwa sababu umeandikwa namba ya kesi. Nasema sehemu mbili kwa sababu polisi ndio wenye uwezo wa kumtafuta mtu na kupita mtaani kwako, na wakili wa serikali ndiye mwenye uwezo wa kusimama mbele ya hakimu akasema shahidi wangu anatishwa. Mmoja akijua na mwingine asijue, kazi inabaki nusu.

Na uombe ulinzi kwa kutumia neno hilo hilo, ulinzi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi, ilitungwa mwaka 2015. Watu wengi wameisikia kwa habari za rushwa na wakadhani ni ya wafanyakazi wa ofisini wanaofichua ufisadi. Inakuhusu hata wewe wa kijiweni. Shahidi mwenye sababu ya msingi ya kuamini kwamba maisha yake au mali yake, au ya mtu wake wa karibu, yako hatarini kwa ajili ya alichokisema, anaweza kuomba ulinzi, na mamlaka inatakiwa impe ulinzi unaofaa. Hapo utaona kwamba watoto wako wamo ndani ya sheria hiyo.

Sitakudanganya kwamba kesho utaletewa askari wawili walale mlangoni. Nilivyoona mimi, ulinzi wa mama kama wewe huwa ni mambo madogo yanayofanywa kwa wakati. Mkaguzi wa polisi wa kata anakuwa na namba yako na anapita kijiweni alfajiri bila kuagana nawe. Waliokuletea karatasi wanaitwa kituoni na kuhojiwa. Wakili wa serikali anaomba ushahidi wako usikilizwe mapema kabla ya wengine. Mtu anayetisha mashahidi hutegemea kwamba jambo lake litabaki kati yake na wewe pale kwenye moshi wa jiko. Akishajua kwamba jina lake limeandikwa vitabu viwili, mara nyingi hatua zake hupungua.

Kuna ulinzi mkubwa zaidi na inabidi niutaje kwa ajili ya wengine. Kwa kesi nzito, Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuomba Mahakama Kuu itoe amri ya kuficha jina la shahidi na mahali anapoishi, na shahidi huyo anaweza kutoa ushahidi kwa njia ya video. Lakini maombi hayo hufaa pale jina linapokuwa bado halijajulikana. Wewe mtaa mzima unajua kwamba ndiye uliyemtaja, na maji yakimwagika hayazoleki. Anayesoma hapa na ameona jambo, lakini hajazungumza na mtu isipokuwa mpelelezi, aliulizie mapema.

Watoto. Mwone mwalimu mkuu, umweleze kwa kifupi na umwambie ni nani peke yake anayeruhusiwa kuwachukua. Korongo waliache kabisa hata kama barabara kuu inawazungusha, na waende kwa kundi na watoto wa jirani. Wenyewe waambie ukweli kwa kiasi chao, kwamba mtu wakimwona anawafuata wakimbilie dukani kwa fulani na kukutaja. Namba 116 ni ya simu kwa mtoto na haina malipo, hata wao wanaweza kuipiga. Ya polisi ya dharura ni 112, nayo ni bure. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango, kwa sababu mtu mwenye hofu hasomi vizuri kwenye simu.

Nije kwenye laki nne. Mwanangu, ulipowafuata na hela zao barabarani ulijiokoa kuliko unavyojua. Shahidi anayepokea fedha ili asiseme, au aseme kulikuwa na giza wakati palikuwa na taa, anahama kutoka kwenye benchi la mashahidi anakwenda kizimbani mwenyewe. Hakuna kumaliza kifamilia kwenye kosa hili. Majirani wakirushiana maneno au wakipigana makofi, sheria inatoa nafasi ya kupatanishwa. Unyang'anyi wa kutumia silaha haumo humo. Ndiyo maana kijana yule hajapewa dhamana, kosa hilo halina dhamana, na akitiwa hatiani adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Nakuambia hesabu hiyo ili uelewe presha inatoka wapi. Wale wazee wawili hawakuja kwa sababu ya kitenge, walikuja kwa sababu ya miaka 30.

Wakirudi, usiwakaribishe ndani na usiende kwao. Waambie ukiwa umesimama, mbele ya mtu mwingine: "Mambo haya yako mahakamani, mimi sina la kuongeza." Kisha endelea na kazi yako. Lakini mama mzazi wa kijana, ukikutana naye bombani, msalimie kama ulivyomsalimia siku zote. Hajakukosea kitu, na naye nadhani halali usiku kama wewe. Mkisalimiana iishie hapo, habari ya kesi isiguswe.

Sasa la kwenda Manyoni. Naielewa hofu ya mumeo na simlaumu. Ila wito wa mahakama ni amri. Ukipewa na usitokee bila sababu ya maana, hakimu anaweza kutoa hati ukamatwe na kuletwa, na hapo utaingia mahakamani ukiwa na askari pembeni, mbele ya watu wale wale unaowakimbia. La pili, kesi ya namna hii bila wewe inabaki na kijana mmoja aliyekatwa mkono gizani na kwa ghafla. Ikianguka, mshtakiwa anarudi mtaani, na walioona kwamba chapati mbili zilizokunjwa zilitosha kukunyamazisha watakuwa wamejifunza kitu kuhusu wewe. Kwangu mimi, hilo la mwisho ndilo la hatari kuliko siku yenyewe ya mahakama. Kama kukaa kwa dada kutakupa usingizi wiki moja mbili, nenda na watoto, lakini mjulishe mpelelezi mahali ulipo na urudi kabla ya tarehe.

Kuhusu taa sikufundishi cha kusema, na asikufundishe mtu. Shahidi aliyekaririshwa hujulikana kwenye swali la pili. Ninachoweza ni kukueleza kwa nini utaulizwa. Mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na unahitaji uangalifu mkubwa, na hakimu asitie hatiani kwa ushahidi huo mpaka aridhike kwamba hapakuwa na nafasi ya kukosea. Ndiyo sababu mpaka leo shahidi anaulizwa mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, alikuwa umbali gani, alimwona kwa muda gani, kama kuna kitu kilimkinga, kama alimjua mtu huyo kabla. Ukiyasoma hayo utaona kwamba barua yako imeshayajibu karibu yote bila mtu kukuuliza. Taa ya sola, kwenye mwamvuli, hatua tano, tangu kaptula ya shule. Ulimtaja asubuhi ile ile kwa mwenyekiti, na mahakama zetu hulipa uzito sana jambo la shahidi kumtaja mtu mapema.

Maelezo ya polisi kuwa mafupi hakukufanyi mwongo. Ukikutana na wakili wa serikali mwambie wazi kwamba maelezo yanasema "mwanga wa taa" tu na kwamba wewe unaijua taa yenyewe. Omba usomewe maelezo yako. Ukiona palipokosewa, sema hapo hapo palipokosewa, usijitie kukubaliana na karatasi ili mambo yaende haraka. Ile taa kama bado ipo, itunze, na umwambie kwamba ipo.

Siku yenyewe utasubiri nje. Shahidi haruhusiwi kukaa ndani akasikiliza wenzake. Ndugu wa mshtakiwa nao watakuwa kwenye korido hiyo hiyo, kwa hiyo ukifika mtafute wakili wa serikali au karani, umwombe akuonyeshe pa kusubiria mbali nao. Njoo na mtu, dada au jirani ambaye si shahidi wa kesi hiyo, akae nawe na akusindikize kurudi. Utaapa kwa dini yako. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo hakuna wa kukuzungusha kwa Kiingereza. Wakili wa serikali ataanza kukuuliza, kisha wakili wa utetezi atakuja na maswali ya dodoso. Huyo atakuwa mkali na hana ugomvi na wewe, anamtetea mteja wake kama anavyotakiwa. Akikuuliza usichokijua, sema hujui. Akikuuliza mara tatu jambo moja, jibu mara tatu lile lile, ukimwangalia hakimu. Na ukihitaji maji, omba.

Inaweza pia kuahirishwa. Mimi niliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya wizi, mahakama nisiyoitaja, nikaenda mara nne kabla sijapanda kizimbani. Mara ya pili hakuna hata aliyetoka nje kutuambia, tuligundua tulipoona mfagizi anafunga madirisha. Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira na nikaapa sirudi. Nilirudi kwa sababu karani mmoja mama alinifuata getini akaniandikia tarehe mpya kwenye kiganja na namba yake ya simu chini yake. Tangu hapo kila shahidi ninayemsaidia namwambia achukue namba ya mtu mmoja mwenye jina, apige siku moja kabla. Fanya hivyo hivyo.

Siku ya kesi hutauza, najua. Sheria inaruhusu shahidi alipwe gharama za msingi za kufika kwake mahakamani, na wengi huondoka bila kudai kwa sababu hawajui au wanaona aibu. Usione aibu. Uliza kabla ya kuondoka, ukiwa na wito wako na tiketi ya daladala kama umepewa. Yeyote akikuambia utoe kitu kidogo ili ulipwe, au ili faili lionekane, namba ya TAKUKURU ni 113.

Kwa usingizi ulioukosa, naomba usiuchukulie kama udhaifu. Ulisimama hatua tano kutoka kwenye panga. Mwili wako unaruka mlango unapogongwa kwa sababu haujaambiwa kwamba siku ile imepita, na kwa kweli haijapita, kuna mtu amekuja kuirudisha kijiweni kwako. Anza na afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, hiyo ni kazi yake na haina malipo. Akikupa rufaa uende hospitali ya rufaa ya mkoa, au hata Mirembe, hospitali ya afya ya akili, nenda. Najua hapa Dodoma jina la Mirembe tumelifanya tusi, mtoto akikosea anaambiwa atapelekwa Mirembe. Pale wanatibiwa watu waliokosa usingizi kama wewe, wanapewa mazungumzo na wakati mwingine dawa, wanarudi kazini.

Kijana wa bodaboda naye nisimsahau, na mama yake anayekuangalia. Kama alipewa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ikajazwa na daktari, nakala iwepo kwenye faili, kwa sababu ndiyo inayobeba ushahidi wa vile vidole viwili. Amkumbushe wakili wa serikali kuhusu fidia. Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kumwamuru amlipe aliyeumizwa, na ombi lisipotajwa husahaulika. Kwa ule mkataba wa pikipiki atafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na kwa mtu asiye na uwezo huduma ni bure. Wewe pia unaweza kumtumia huyo huyo akusindikize kituoni ukiogopa kwenda peke yako.

Na kwa wasomaji ambao kilichowapata ni cha ubakaji au cha watoto, njia yenu ina mambo yake: dawati la jinsia na watoto lililo kituo cha polisi, hospitali ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na ushahidi wenu husikilizwa faraghani, watu wametolewa nje. Msioge na msifue nguo kabla ya kumwona daktari. Hilo nitaliandikia peke yake.

Mwanangu, baba watoto msomee barua hii usiku mmoja akiwa ametulia. Usimwombe ruhusa ya kwenda, mwombe afanye kitu: awapeleke watoto shule kwa barabara kuu mpaka kesi iishe, na siku ile asimamie jiko yeye, hata kama chapati zitatoka na kona. Mwanaume anayeogopa akipewa kazi ya kufanya hubadilika, nimeona zaidi ya mara moja.

Jana uliniambia kwenye simu kwamba umeshapata RB na mpelelezi amewaita wale wazee wawili. Bado ofisi ya mashtaka. Nenda Jumatatu asubuhi, beba daftari, beba wito, beba na taa kama inabebeka. Na siku ya kesi ikifika, nipigie jioni hata kama imeahirishwa.

Shangazi